Vichekesho vya Kale Chini ya Mwembe: Namna ya Kuandaa Msimu wa Maigizo ya Nje Dar es Salaam

Kila Machi ikiingia, simu yangu huanza kupokea maswali yaleyale. Tukodi maiki ngapi? Jukwaa tulijenge kwa mbao gani? Taa na jenereta vipi? Tuanze na Shakespeare? Nimechoka kumjibu mmoja mmoja, kwa hiyo nimeyaandika yote hapa. Kwa haraka: maiki hakuna, jukwaa hakuna, taa hakuna, na Shakespeare asubiri mwaka wa pili.

Mwongozo huu ni kwa kikundi cha watu wanane hadi kumi na wawili, hakina mfadhili, kinataka kuigiza tamthilia mbili za kuchekesha za zamani kwenye kiwanja cha mtaani wakati wa kipupwe. Kama mna ukumbi wenye paa na fundi sauti, hauwahusu sana.

Jambo moja ukilishika, mengine yatakuwa mepesi. Dar es Salaam, kuanzia Juni hadi Agosti, kati ya swala ya Alasiri na adhana ya Magharibi kuna nafasi ya kama saa moja na nusu ambayo kila kitu kinakupendelea. Mvua za masika zimekwisha. Jua limelegea. Upepo wa kusi unavuma kutoka upande mmoja. Mbu hawajaanza kazi, na daladala bado zipo watu warudi kwao. Igizeni ndani ya nafasi hiyo. Vikundi vingi hushindwa kwa sababu vinaiga Ulaya. London kuna ukumbi wa wazi katika bustani ya Regent's Park tangu 1932, na kule majira ya joto jua huzama saa tatu usiku imepita. Kwetu Julai linazama saa 12:20 jioni, na ukigeuka tu kumeshakuwa giza. Ukianza saa moja usiku umeshajitwika jenereta, mafuta, taa, nyaya na ulinzi wa hivyo vyote.

Isitoshe, kichekesho kinapenda mwanga. Mtu akimwona jirani yake anacheka, naye anacheka. Hata Globe, ile nyumba ya maigizo ya Shakespeare iliyojengwa London 1599, ilikuwa ikiigiza mchana.

Kabla hujaanza, uwe na hivi

- Kiwanja chenye mti mkubwa wa kivuli, na ruhusa ya mwenye kiwanja.
- Waigizaji, pamoja na mtu mmoja asiyeigiza kabisa. Huyu ndiye msimamizi wa uwanja. Msipokuwa naye, mwigizaji mkuu ndiye atakayekuwa anatafuta funguo za choo dakika tano kabla ya kuanza.
- Nakala ya maandishi kwa kila mwigizaji, na moja ya herufi kubwa kwa mkumbushaji.
- Mikeka 15, mabenchi 8, viti vya plastiki 50. Hapo mnakaa watu wapatao 140, na wengine 20 watasimama.
- Kamba ya katani mita 30, vigingi na chokaa kidogo.
- Ngoma moja ya kuitia watu.
- Ndoo mbili za maji ya kunywa zenye bomba.
- Sanduku la huduma ya kwanza.
- Choo. Kama kiwanja hakina, zungumzeni na shule au nyumba ya jirani mapema, na muwaachie sabuni.
- Simu yenye dira. Utaona kwa nini.

Hatua ya 1: Panga tarehe kabla ya tamthilia

Chukueni wikiendi sita kati ya katikati ya Juni na mwisho wa Agosti. Tatu za tamthilia ya kwanza, tatu za ya pili. Nimeona kikundi kikitangaza tamthilia nne kwa msimu mmoja; ya nne waliisoma wakiwa wameshika karatasi mkononi.

Tazameni kalenda ya mji. Mwanzoni mwa Julai watu wanakwenda Maonesho ya Sabasaba, na kama mko Temeke barabara ya Kilwa itawachelewesha hata waigizaji wenyewe. Mwanzoni mwa Agosti kwa kawaida kuna Siku ya Simba na Wiki ya Mwananchi, sherehe za klabu za Simba na Yanga. Siku hizo msishindane na mpira, pumzikeni. Jumapili ni bora kuliko Jumamosi kwa sababu ya matarumbeta ya harusi, nitayarudia.

Hatua ya 2: Chagua tamthilia

Tamthilia ya kwanza nawashauri iwe *Tabibu Asiyependa Utabibu* ya Mfaransa Molière, aliyoitafsiri A. Morrison. Ni fupi, ina watu wachache, na haihitaji nyumba wala mlango jukwaani. Inaanzia hata porini. Sganarelle, mkata kuni mlevi, anampiga mkewe Martine. Mke anaapa kulipa kisasi. Wanapita watumishi wanaotafuta daktari wa binti wa bwana wao, naye anawaambia: yuko daktari mmoja bingwa, ila hana akili timamu, hakubali kuwa ni daktari mpaka apigwe. Basi wanampiga mpaka anakubali. Kuanzia hapo anatibu watu kwa maneno matupu. Akiambiwa kwamba moyo ameuweka kulia na ini kushoto, anajibu bila kupepesa kwamba zamani ilikuwa vingine, siku hizi wameyabadilisha yote hayo. Molière aliitoa 1666. Mtu yeyote aliyewahi kusimama Kariakoo akimsikiliza muuza dawa mwenye spika begani ataanza kucheka kabla jibu halijaisha.

Angalizo kuhusu ule mwanzo: msiufute ugomvi wa mume na mke, kwa maana kisasi cha Martine ndicho kinachoendesha mambo yote. Ila kipigo chenyewe kisiwe ndiyo kichekesho. Kichekesho kiko kwa jirani anayekuja kuamua, halafu mke na mume wanamgeukia yeye kwa pamoja. Huyo jirani kila mtaa unamjua.

Ya pili iwe *Mkaguzi Mkuu wa Serikali* ya Gogol, iliyotafsiriwa na Christon Mwakasaka. Kijana karani asiye na nauli amekwama katika nyumba ya wageni ya mji mdogo wa Urusi, wakubwa wa mji wanamdhania ndiye mkaguzi aliyekuja kwa siri, na kila mmoja anakuja kumkopesha fedha. Ina wahusika wengi, kwa hiyo watu watavaa nafasi mbilimbili. Mwisho wake ndio utamu: inaletwa habari kwamba mkaguzi wa kweli amefika, na wote wanaganda kama sanamu. Gogol aliagiza wagande karibu dakika moja na nusu. Mwongozaji mgeni hupunguza mpaka sekunde kumi kwa hofu. Usipunguze. Sekunde ya ishirini watu watacheka, ya arobaini watanyamaza, ya sitini mtoto mmoja atauliza kwa sauti, "Mama, wamekufa?" na hapo kiwanja kizima kitalipuka.

*Mchuuzi Muungwana*, ya Molière pia, inanipendeza kuliko zote, hasa pale tajiri anapogundua kwamba zaidi ya miaka arobaini amekuwa akisema nathari bila kujua. Lakini inataka wanamuziki, wacheza dansi na mavazi ya gharama. Iacheni kwanza.

Na Shakespeare? *Mabepari wa Venisi* ya Mwalimu Nyerere iko tangu 1969, na kila kikundi kinaitaka kwa heshima ya jina lake. Ni mashairi yasiyo na vina, yanahitaji mwigizaji mwenye pumzi ndefu, na kumwigiza Shylock, yule mkopesha fedha, bila kumfanya Myahudi wa kuchekwa tu kunahitaji mwongozaji aliyekomaa. Kwamba Shakespeare wa kuchekesha anakubali Kiswahili si la kubishania: mwaka 2012 kikundi kutoka Kenya kiliigiza *Wanawake wa Heri wa Winsa* katika Globe iliyojengwa upya, London. Lakini wale walikuwa wazoefu. Nyie mwaka huu ni wa kwanza.

Hatua ya 3: Haki na vibali

Molière alikufa 1673 na Gogol 1852, kazi zao ni za kila mtu. Tafsiri ni jambo jingine. Sheria ya hakimiliki ya 1999 inamlinda mfasiri maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mwalimu alifariki 1999, hesabu mwenyewe. Mwandikieni mchapishaji, na ofisi ya hakimiliki, COSOTA, iwaelekeze pale mchapishaji asipojulikana. Katika barua hiyohiyo ombeni na ruhusa ya kupunguza maandishi, maana mtapunguza. Mkiona njia ni ndefu, na mna mtu anayejua vizuri Kifaransa au Kirusi, tafsirini wenyewe kutoka asili. Hapo hamdaiwi na mtu. Vitabu vya zamani si rahisi kuviona dukani. Anzieni kuulizia Maktaba Kuu ya Taifa, barabara ya Bibi Titi Mohamed, na maktaba ya Chuo Kikuu pale Mlimani.

Kikundi kisajiliwe BASATA, Baraza la Sanaa la Taifa. Kisha nendeni kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa na mtendaji, kwa afisa utamaduni wa halmashauri yenu (Jiji, Kinondoni, Temeke, Ubungo au Kigamboni), na polisi. Kila mmoja mwambieni mambo matatu mapema: ni mchana, hakuna spika, na tunamaliza kabla ya Magharibi. Maneno hayo matatu hulainisha uso wa ofisa yeyote.

Mwaka wetu wa kwanza tulikuwa na barua ya ofisi moja tukadhani imetosha. Dakika ishirini kabla ya ngoma kulia, akaja kijana mmoja na daftari kwapani akiuliza barua ya ofisi nyingine. Watu walishakaa. Tukamkalisha mstari wa mbele, tukampa maji, tukampigia simu mwenyekiti wa mtaa. Alipoondoka alikuwa anajifuta machozi ya kicheko, lakini Jumatatu nilikwenda kufuata ile barua. Nakala za barua zote kaeni nazo uwanjani, ndani ya mfuko wa nailoni.

Hatua ya 4: Kiwanja na uelekeo

Hapa ndipo simu yenye dira inapofanya kazi. Soma polepole.

Wakati wa kipupwe kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki. Jua la saa kumi na nusu liko upande wa magharibi, limeegemea kaskazini. Kwa hiyo waigizaji wasimame upande wa kusini-mashariki wa kiwanja, watazamaji wakae kaskazini-magharibi wakiwatazama. Upepo unazichukua sauti za waigizaji unawapelekea watazamaji. Jua linatokea mgongoni kwa watazamaji linaangaza nyuso za waigizaji. Umepata spika na taa bila kulipa hata senti. Ukipanga kinyume, watu watakunja macho saa nzima na sauti zitakwenda zake kwingine.

Mti mkubwa uwe nyuma ya watazamaji. Mwembe wa mita 10 saa kumi na nusu unatupa kivuli cha zaidi ya mita 20, kinatosha watu wote. Waigizaji watapigwa jua usoni, ni kweli. Wapeni kofia zenye ukingo, wasimame upande kidogo, na baada ya nusu saa halitawasumbua tena.

Kama kuna ukuta nyuma ya waigizaji, wa shule au wa godauni, mshukuru Mungu. Sauti inagonga inarudi mbele.

Maangalizo ya kiwanja:

*Mnazi.* Usimkalishe mtu yeyote chini ya mnazi, hata kama mwenye kiwanja anaapa kwamba umeshaanguliwa.

*Kunguru.* Kunguru wa Dar hurudi kulala jioni, mamia kwa pamoja, na wakichagua mti wenu hakuna sauti ya binadamu itakayosikika kuanzia saa kumi na moja na nusu. Kabla ya kukubali kiwanja, nenda ukakae pale jioni mbili mfululizo mpaka jua lizame. Chini ya mti tazama mavi yao. Yakiwa mengi, tafuta mti mwingine.

*Ndege za abiria.* Kipawa na maeneo yanayopitiwa na ndege zinazotua, jipangeni kuganda na kusubiri.

Ukishapata mahali, fanya jaribio. Kaa pale mtazamaji wa mwisho atakapokaa, hatua kumi na tano kutoka kwa mwigizaji. Mwigizaji asome namba kumi kutoka kwenye karatasi yake, wewe uziandike. Kumi na saba na sabini na saba zikichanganyika, sogeza watu mbele. Usimwambie apige kelele.

Hatua ya 5: Punguza maandishi

Someni tamthilia kwa sauti mkiwa na saa. Ikizidi dakika 75, punguzeni, kwa sababu vicheko na upepo vitaongeza dakika kumi na tano. Kateni hotuba, msikate matayarisho. Kila kichekesho kina sehemu mbili, kama kitendawili: pale kinapotegwa na pale kinapoteguliwa. Mkongwe asiye makini hufuta mtego kwa kuona hauchekeshi, kisha anashangaa jibu halichekeshi.

Majina na mji viacheni vilivyo. Kila mwaka kuna mtu anataka yule meya wa Gogol awe mtendaji wa kata na mji uwe Tandale. Mji ukibaki Urusi, watazamaji wenyewe watamwona wanayemjua, kila mtu wake, na hakuna atakayeweza kukuuliza ulimaanisha nani. Kamwe msichomeke jina la kiongozi wa kweli ili kupata kicheko cha haraka.

Hatua ya 6: Mazoezi

Wiki sita kwa kila tamthilia. Aprili mvua inanyesha, kwa hiyo kaeni darasani au barazani msome tu. Mei simameni na mwendo. Wiki mbili za mwisho ni uwanjani, saa ileile ya maonesho, upepo uleule.

Kosa kubwa la sauti nje si udogo wa sauti. Ni kumeza silabi ya mwisho. Kiswahili kinatilia mkazo silabi ya pili kutoka mwisho, ile ya mwisho inashuka, na kusi anaila. "Amekuja na nani?" inafika mstari wa nyuma ikiwa "Amekuja na na". "Hayupo" inakuwa "hayu". Wafundisheni waigizaji kuibeba silabi ya mwisho mpaka imfikie mzee aliyeegemea baiskeli kule nyuma. Nilikuwa na dada mmoja mwenye sauti ndogo kama ya kinanda cha mtoto. Alipozoea hili, alisikika kuliko mabaunsa wawili tuliokuwa nao.

Pili, kungojea kicheko. Watu wakicheka, nyamaza, fanya kitu kidogo kwa mkono au jicho, kisha sema mstari unaofuata kicheko kinapoanza kushuka. Ukingoja kife kabisa umechelewa. Waliokuwa wakimtazama marehemu Mzee Majuto wanajua: alikuwa anaweza kusimama tu, na watu wanaendelea kucheka.

Tatu, zoezeni kutuzwa. Watu wa Dar wakifurahi huinuka na kuja kumtuza mchezaji, kama kwenye taarabu. Msiwazuie. Ila mwigizaji asiache uhusika wake akasema "asante mama". Sganarelle ni mtu anayependa fedha. Mama akimpa elfu mbili, aipokee kama ada ya matibabu, ampime mapigo ya moyo kwenye kiwiko, amwambie ini lake liko salama upande wa kushoto. Sisi tulilifanyia mazoezi hilo kwa noti za karatasi ya daftari, na mpaka leo ndilo watu wanalonikumbusha njiani.

Hatua ya 7: Maleba na vifaa

Nendeni mitumba, Karume au Tandika, mkaulizie makoti mazito ya baridi. Hakuna mtu Dar anayeyataka, kwa hiyo yanauzwa kwa bei ya kutupa, na maofisa wa Gogol ndio wanaoyahitaji. Toeni bitana yote na pamba ya mabegani, la sivyo mtu atazimia. Vifungo vya shaba shoneni upya kwa uzi mgumu.

Pazia la nyuma: msitumie kitambaa. Tuliwahi kushona khanga kumi na mbili, zikapendeza ajabu, na dakika ya kumi kusi akazijaza kama tanga la jahazi, nguzo zote mbili zikamlalia meya na mke wake. Watazamaji walidhani ndivyo tulivyopanga. Sasa tunatumia makuti yaliyosukwa, upepo unapenya.

Hatua ya 8: Kupanga watu

Chora nusu duara kwa chokaa, upana wa mahali pa kuigizia hatua nane. Mikeka mbele kwa watoto na wanaopenda kukaa chini, kisha mabenchi, kisha viti, kisha wanaosimama. Kwa kupangwa hivyo kila mtu anaona juu ya kichwa cha mwenzake, na hilo ndilo lililokuwa linawafanya watake jukwaa. Acheni njia mbili katikati ya watu. Waigizaji watazitumia kuingilia, na mama mwenye mtoto anayelia atazitumia kutokea. Viti vya kwanza wekeeni wazee. Msimamizi wa uwanja awakalishe watoto kwa upole, na awape kazi wale wakubwa wao: kushika kamba.

Hatua ya 9: Siku yenyewe

Saa 8:00 mchana fagieni na mpange viti. Saa 9:30 nyunyizeni maji, vumbi litulie. Baada ya watu kutoka swala ya Alasiri, ngoma ianze kuzunguka mtaa, mwigizaji mmoja akiwa ameshavaa maleba akitangaza kwa mdomo. Saa 10:30 kamili anzeni, hata kama wamekaa watu ishirini. Mkishazoeza mtaa kwamba saa kumi na nusu ni saa kumi na nusu, wiki ya tatu watawahi wenyewe.

Hakuna mapumziko. Mkitoa mapumziko, nusu wanakwenda kununua mihogo na hawarudi.

Saa 12:05 muwe mmeinama kuaga. Msipishane na adhana.

Hatua ya 10: Fedha

Kiingilio kinahitaji uzio, uzio unahitaji walinzi, walinzi wanahitaji kiingilio. Pitisheni kikapu. Lakini msikipitishe mwishoni, watu wakiwa wameshainuka wanatafuta viatu. Kipitisheni kabla tu ya sehemu ya mwisho ya mchezo, pale barua ya yule karani wa Gogol inapokaribia kufunguliwa au Sganarelle mkata kuni anapokaribia kunyongwa. Namba ya pesa za simu iandikeni ubaoni kwa herufi kubwa, na jina litakalotokea kwenye simu liandikwe chini yake, ili watu wasiogope matapeli. Hesabu ifanywe na watu wawili, siku hiyohiyo, na iandikwe.

Mambo yakiharibika

*Hakuna anayecheka.* Mara nyingi hawasikii. Msimamizi aende nyuma asikilize. Kama wanasikia, basi mnaigiza kuchekesha, mnabinua midomo na kutoa macho. Mwambie kila mtu aamini shida ya mhusika wake. Mkata kuni haoni chochote cha kuchekesha katika kupigwa fimbo.

*Matarumbeta ya harusi yanapita.* Hakuna wa kushindana nayo. Waigizaji wageuke wote wawatazame, wacheze kidogo kwa namna ya wahusika wao, kisha warudi mstari mmoja nyuma. Muuza aiskrimu wa baiskeli, vivyo hivyo. Karani wa Gogol anaweza hata kumkopa.

*Mwigizaji amesahau mstari.* Mkumbushaji akae mbele pembeni, juu ya mkeka, waziwazi. Amtamkie maneno matatu ya kwanza kwa sauti ya kawaida. Kunong'ona nje hakusaidii mtu.

*Mwigizaji hajafika.* Saa 9:00 ikifika hayupo, mtu wa akiba avae na ashike kitabu. Watu husamehe kitabu, hawasamehi kusubiri.

*Mvua.* Hata Julai manyunyu huja, ya dakika kumi. Funikeni maandishi, simameni chini ya mti na watu wenu, mwendelee mlipoishia. Ikizidi nusu saa tangazeni wiki ijayo, siku na saa, na msimwache mtu aondoke bila kuisikia.

*Mlevi ameingia uwanjani.* Msimamizi amwendee, si mwigizaji. Amwite "kaka" au "mzee wangu", amshike mkono ampeleke kwenye kiti. Akikataa kukaa, kwenye *Tabibu* yuko Sganarelle, naye ana chupa. Wakae pamoja kidogo. Kwa Gogol sijapata dawa yake.

*Watu wamezidi.* Hatua kumi na tano ndiyo mwisho wa sauti. Wakizidi hapo, wa nyuma watazungumza na kuwaharibia wa mbele. Ongezeni onyesho la pili kesho yake, msiongeze duara.

*Viti havitimii wakati wa kurudisha.* Hesabuni kabla watu hawajaondoka, kwa sababu kuna anayekibeba kiti kumsindikiza bibi yake mpaka nyumbani na anakusudia kweli kukirudisha kesho. Mwandikeni jina. Viatu vya watoto vitakavyobaki mkekani, kwa kawaida vya mguu mmoja mmoja, vitundikeni mtini; asubuhi havipo.